Mahindi Yaliyolazwa Kitandani

Ukipita avenyu yetu hapa Bunia ukasikia watu wananiita Mama Dokta, tafadhali usidhani nilisomea udaktari, maana mimi nauza sokoni vikwembe, vitenge vya kujifunga, na sindano pekee ninayoijua ni ya kushonea. Jina hilo sikuliomba wala silipendi, nilipewa Jumamosi moja mbele ya mtaa mzima, watu wakiwa na majembe mikononi, na tangu hapo hakuna asubuhi napita kwenye kona bila mtu kuniuliza wagonjwa wangu wameamkaje. Mwanzoni nilikuwa nakasirika. Sasa najibu, "Wameamka salama," kisha naongeza mwendo. Nimeona afadhali niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu wengine wanapoisimulia (hasa Mama Olive, mke wa shemeji yangu) wanatia chumvi juu ya chumvi, na aibu yenyewe ilikuwa imekolea tayari bila msaada wao.

Yote yalianza na shamba. Baba mkwe wangu, ambaye familia nzima tunamwita Muzee tu, anakaa kijijini Boga, lakini ana kipande cha shamba huku kwetu, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya Marabo, udongo mweusi, maji karibu, shamba ambalo kila mkwe katika familia analitolea macho. Alinipa mimi nililime kwa sababu mume wangu ndiye mtoto wake wa kwanza. Msimu mmoja kabla ya hayo nilipanda mahindi humo kama watu wote wanavyopanda, unachimba, unatupa mbegu, unafunika, unaenda nyumbani kungoja, na panya wa porini pamoja na ndege wakaja nyuma yangu kama watu walioalikwa, wakafukua mbegu moja moja, shamba likabaki tupu hadi magugu yakalionea huruma yakalijaza. Muzee alipopita akaliona hakupiga kelele (Muzee hapigi kelele, na hilo ndilo linalotisha). Alisema tu kwamba mvua zikirudi atakuja tena, na asipokuta kitu cha kijani alichopanda mtu, shamba atampa Mama Olive, kwa kuwa Mama Olive anajua kazi.

Mama Olive anajua kazi! Mtu ambaye tulipokaa jirani, kabla hajahamia mtaa mwingine, akifagia parseli yake, yaani kiwanja cha nyumba, alikuwa anafagia mpaka mlangoni kwangu ili takataka ziwe zangu. Nilisema moyoni, hata nikilala na hizo mbegu kitanda kimoja, safari hii zitaota. Sikujua kwamba nilikuwa natabiri.

Mume wangu anafanya biashara ya samaki wa chumvi, kila mara yuko Mahagi-Port kando ya ziwa, na safari ile alirudi na pakiti mbili alizonunua kwa mfanyabiashara wa ng'ambo ya ziwa, moja ya mahindi matamu, yale ya kuchemsha na kutafuna yakiwa mabichi, siyo ya kusaga unga, na nyingine ya maboga. Mbegu zenyewe zilikuwa chache, ukitikisa pakiti zinalia kwa uchungu. Nikaogopa kuzipeleka kwa panya. Ndipo nikaona kwenye simu video ya mama mmoja wa nchi za baridi, amevaa koti ndani ya nyumba yake mwenyewe, anaonyesha jinsi anavyolea miche ya mahindi na maboga ndani, kwenye vikopo, kwenye joto, mbali na upepo, halafu miche ikipata nguvu anaitoa nje kidogo kidogo iizoee hewa, leo saa moja, kesho zaidi, mpaka siku ya kuipeleka shambani. Nilipiga makofi peke yangu jikoni. Panya wa porini hawaingii nyumbani kwangu! Mama yule alikuwa anaogopa theluji, mimi nilikuwa naogopa panya, lakini kwa vile nilitaka kufanya vizuri nilifuata maneno yake yote, hata yale ya theluji.

Vikopo sikuwa navyo, kwa hiyo nilikunja maganda makavu ya mgomba nikayabana kwa vijiti, yakawa vijungu vizuri sana, kwa sababu mahindi, na maboga ndiyo zaidi, hayapendi mizizi yake ishikweshikwe, lakini ganda la mgomba unalitia ardhini pamoja na mche wake, linaozea humo humo, na mzizi haujui hata kama umehama. (Hilo ni la kichwa changu, video haikusema, na mtu yeyote akinicheka kuhusu mengine, hilo aniachie.) Kuviweka sakafuni sikuweza, maana kama panya wa porini hawaji, wa nyumbani wamo. Lakini binti yangu Neema yuko masomoni Kisangani, chumba chake kitupu, kitanda chake kimetandikwa, chandarua chake kinaning'inia bila kazi. Nikatandaza bashi, lile turubai la plastiki, juu ya godoro, nikapanga vijungu vyangu mistari kwa mistari, nikashusha chandarua nikakichomeka chini ya godoro pande zote. Nikafunga pazia. Nikaweka babula yenye makaa kwenye kona ili chumba kipate joto, dirisha nikaliacha upenyo mdogo tu wa hewa. Hapa Bunia, ambapo mahindi yanaota hata kwenye ufa wa ukuta!

Sasa jirani yangu wa mbele ni Mama Zawadi. Anauza mikate ya kukaanga mbele ya parseli yake, na kutoka kwenye karai lake anaona avenyu yote. Asubuhi moja akaniona napita uani na babula mkono huu na birika la maji ya vuguvugu mkono huu, naingia chumba cha Neema.

"Mama Neema! Babula unapeleka mu chumba ya mutoto, juu ya nini? Iko na mugonjwa?"

Hapo ndipo palipoharibikia. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Lakini fikirini wenyewe, nimwambie Mama Zawadi, mbele ya watu waliokuja kununua mikate, kwamba nimeyalaza mahindi kitandani, nimeyashushia chandarua, na sasa nayapelekea makaa yasisikie baridi? Kabla karai halijapoa habari ingekuwa kwa Mama Olive, na kutoka kwa Mama Olive mpaka Boga ni simu moja tu.

"Eeh," nikasema. "Njo vile. Kidogo tu."

"Pole! Ni Neema? Alirudi?"

Nikajifanya naangalia kama maji yanamwagika. Sikusema ndiyo, sikusema hapana, nikaingia ndani nikafunga mlango, na nilijiona mjanja sana.

Siku hiyo hiyo Mama Zawadi alivuka barabara na uji wa soya na karanga ndani ya temosi. Kwa mgonjwa. Nilipokea kwa mikono miwili, nikamshukuru, nikaingia nao chumbani, na kwa kuwa miche hainywi uji, na kumwaga chakula ni dhambi, niliunywa. Ulikuwa mtamu! Nikaosha temosi nikairudisha.

"Amekula?" akauliza.

"Temosi haina kitu," nikasema, maana mimi ni Mkristo, uongo siupendi.

Akaweka mkono kifuani, akafumba macho. "Asante Mungu. Mugonjwa mwenye kula, njo anapona."

Kesho yake akaleta tena, na sukari imeongezwa. Wiki ile kikwembe changu kilinibana kiunoni. Na habari ikatembea kama habari za kwetu zinavyotembea. Mama wa kwaya wakaja kuimba nyimbo mbili chini ya dirisha (mimi ndani nimekaa kando ya kitanda, naitikia sauti ya pili polepole). Papa Faustin, shefu wa avenyu, mtu ambaye hajawahi kumsamehe mtu salongo, ile kazi ya usafi wa avenyu ya kila Jumamosi, hata mwenye harusi siku hiyo hiyo, akanisimamisha barabarani akavua kofia.

"Mama Neema, hii Jumamosi weye ubaki na mugonjwa. Salongo siye tutafanya. Hatuko wanyama."

Nilipaswa kuona haya. Niliona raha.

Lakini kwa wagonjwa wenyewe hali haikuwa nzuri. Chumba joto, giza, upenyo mmoja tu wa mwanga, miche ilipanda juu haraka, myembamba, mirefu, shingo nyeupe, maboga yamejinyoosha mpaka yanalala, yote yameinamia upande wa dirisha. Kwenye video huu ndio ulikuwa wakati wa kuitoa nje kuizoesha. Sasa niitoe nje wapi? Uani kwangu kunaonekana kutoka kwa jirani wa kushoto, mbele kuna Mama Zawadi, na mgonjwa wa watu wote, aliyeimbiwa na kunywa uji wa watu, ghafla aonekane anaota jua na ana majani mawili? Kwa hiyo niliyaacha ndani, na kadiri nilivyoyaacha ndani ndivyo yalivyozidi kuwa wagonjwa wa kweli. Kisha mume wangu akapiga simu kutoka Mahagi-Port kuniambia kwamba baba yake amekwisha kushuka Bunia, amelala kwa Mama Olive, na Jumamosi atapita kwangu twende wote shambani.

Nikapiga hesabu ya mwisho. Jumamosi ni salongo, watu wote wako kwenye mtaro, uani hakuna wa kuchungulia, nitaitoa miche yote ipate jua la asubuhi, ipate rangi kidogo, Muzee akija anakuta miche mizuri inangoja kwenda shambani. Nililala na amani.

Ijumaa jioni Mama Zawadi alikuja bila uji. Akasimama mlangoni.

"Mama Neema, nataka kumuona. Hata ku mulango tu."

"Hapana, Mama Zawadi. Haiwezi kuona watu."

"Juu ya nini?"

"Mwanga," nikasema, kwa kukosa kingine. "Mwanga mingi haimufai."

Uso wake ukabadilika. Nilidhani amekasirika kwa kunyimwa. Akaniangalia, akaangalia pazia lililofungwa, akarudi nyuma mpaka barabarani bila kunipa mgongo, na mimi, pamoja na ujanja wangu wote, sikukumbuka jambo ambalo hapa kwetu mtu yeyote analijua. Tangu miaka ile ya Ebola, mgonjwa aliyefungiwa chumbani na watu wanakatazwa kumwona si siri ya nyumba tena, ni jambo la avenyu nzima.

Asubuhi ya Jumamosi maduka yote yamefungwa, watu wako kwenye mtaro, na wapi? Mbele ya parseli yangu. Papa Faustin aliamua waanzie hapo, wazibue maji yaliyotuama, ili mbu wasimsumbue mgonjwa. Nawaambia, wema wa watu ukikuandama hauna pa kukimbilia! Nikasema si neno, nitatumia mlango wa nyuma. Nilikuwa nimeinua chandarua upande mmoja, ninavuta mstari wa kwanza wa vijungu, niliposikia gari linasimama na majembe yananyamaza.

Nikachomeka chandarua, nikatoka. Pale langoni kuna gari la watu wa afya, na mbele yake muuguzi mmoja, mwanamke mtulivu, amesimama mbali kidogo nami, nyuma yake vijana wawili wanashusha pampu ya klore, ile dawa ya kuua vijidudu, na mavazi meupe. Watu wote wa avenyu wamesogea ng'ambo ya barabara, majembe mabegani. Mama Zawadi yuko kati yao, ameshika kichwa.

"Mama, usiogope," muuguzi akasema. "Tulisikia iko na mugonjwa mu nyumba. Tunataka kusaidia. Iko na joto?"

Hapo ulimi wangu ungeweza kuniokoa. Ungesema tu, dada, ni mahindi, njoo uone, tucheke, twende zetu. Lakini mtaa mzima ulikuwa unanitazama kwa huruma ambayo sikuwahi kuipata maishani mwangu, na nilikuwa nimekunywa uji wao. Nikaamua nitajibu, lakini nitajibu kweli tupu, ili Mungu asinishike.

"Joto iko," nikasema. (Chumba kilikuwa na joto.)

"Anakula?"

"Maji tu."

"Anaweza kusimama?"

"Anasimama, lakini anaanguka upande."

Watu wakaguna. Muuguzi akaandika. "Iko peke yake mu chumba?"

Nikafikiri. Kweli tupu.

"Hapana. Wako wengi."

Muuguzi akainua macho. "Wengi ngapi?"

"Sikuwahesabu vizuri."

Akarudi nyuma mpaka akagonga gari. Ng'ambo ya barabara mama mmoja akaanza kulia kwa sauti, mwingine akamfuata, na wale vijana wawili wakaanza kuvaa mavazi meupe haraka haraka, hakuna aliyeniuliza tena neno.

Na wakati huo huo, kama kwamba bado hakujaharibika vya kutosha, pikipiki ikaingia avenyu, na nyuma ya motari ameketi Muzee, koti lake la kanisani, kofia yake, mkononi amebeba jembe jipya, tayari kwa shamba. Akaona gari. Akaona nguo nyeupe. Akaona kwamba zinaelekea nyumba ya mtoto wake.

"Nani?" akauliza.

"Ni Neema, Muzee," mama mmoja akamjibu kwa machozi. "Neema pamoja na wengine."

Muzee alishuka, akatembea kidogo, akaketi juu ya tope lililotolewa mtaroni, na koti lake lile, akavua kofia akaiweka magotini. "Neema wangu," akasema. "Mutoto wangu Neema." Na akalia. Mimi sijawahi kumwona baba mkwe wangu hata akipiga miayo mbele ya watu, na sasa alikuwa amekaa kwenye tope la salongo analia kwa ajili ya mjukuu ambaye saa ile yuko Kisangani, mzima, pengine bado amelala. Moyo ulinikatika. Mambo ya Mama Olive, ya shamba, ya kuchekwa, yote yalinitoka, nikakimbia kumfikia huku nikipiga kelele.

"Haiko mutu! Muzee, haiko mutu mule! Ni mahindi! Ni mahindi na maboga!"

Hakuna aliyeniamini. Kwa siku zote nilizozunguka-zunguka kila mtu aliniamini, na mara ya kwanza naweka mambo wazi, Papa Faustin anasema kwa upole, "Mumushike mama. Akili yake imeruka." Mama wawili wa kwaya wakanishika mikono, mmoja ananipapasa mgongo. "Lia, mama. Lia tu. Mahindi, ndiyo. Tunasikia."

"Ni mahindi, nawaambia! Neema iko Kisangani!"

"Ndiyo, mama. Iko Kisangani. Lia."

Vijana wakaingia. Tulisikia pampu ikinyunyiza mlangoni. Tukasikia hatua zao chumbani, pampu tena, halafu kimya. Kisha kijana mmoja akatoka na kusimama kizingitini, mzima mzima mweupe, miwani imejaa ukungu, na kwenye mikono yake yenye glavu alikuwa amebeba kijungu changu kimoja cha ganda la mgomba, amekishika mbali na kifua.

"Madame," akamwambia muuguzi. "Ni mahindi."

"Ni nini?"

"Ni mahindi. Na boga. Wamelala mu kitanda. Wamefunikwa neti."

Kwanza hakuna aliyecheka. Papa Faustin alijaribu kukaa kama shefu, akakaza midomo, akatazama angani, akaegemea jembe, na jembe likamponyoka likaanguka, na hapo ndipo avenyu yote ilipolipuka. Watu walicheka mpaka wengine wakaingia kwenye mtaro waliouzibua wenyewe. Mama wa kwaya waliniachia mikono ili washike mbavu zao. Mmoja akaanza kuimba ule wimbo walioniimbia dirishani, wenzake wakaitikia, na mimi nilisimama katikati yao natamani mtaro ule uwe na kina zaidi. "Mama Dokta!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma, na jina likakaa hapo hapo kama kwamba lilikuwa linaningoja.

Muuguzi alikuja akasimama mbele yangu. Hakunitukana, afadhali angenitukana. "Mama, siku ingine useme," akasema. Akachukua kijungu, akatazama ile shingo nyeupe iliyolala, akatikisa kichwa. "Na hawa kweli iko na hali mbaya. Uwatoshe inje, wapate jua." Akapanda gari. Klore ilikuwa imenyunyizwa mlangoni na kando yote ya kitanda, kwa hiyo mistari ya pembeni ya miche yangu ilikwisha kuungua. Iliyobaki ilikuwa ile ya katikati.

Muzee alisimama taratibu, suruali yake ya kanisani ina tope mpaka magotini. Akaingia chumba cha Neema, mimi nyuma yake nimeinama. Akatazama kitanda. Akatazama babula.

"Muliyalalisha mu kitanda."

"Ndiyo, Muzee."

"Na neti."

"Ndiyo, Muzee. Juu ya panya."

Akashika kitambaa cha chandarua kwa vidole viwili, akakipima. "Mimi ku Boga nalala bila neti," akasema. Akatoka.

Papa Faustin aliamua kwamba salongo niliyosamehewa imerudi. Nililima mtaro ule mpaka mwisho, peke yangu, mtaa wote umekaa kwenye viti unanitazama, na kila nikiinua jembe mtu ananikumbusha nisiingize baridi. Nilivumilia. Lakini niligundua kwamba kiti kimoja hakikuwepo. Mama Zawadi hakucheka, hakukaa, hakuwasha hata karai lake. Alirudi kwake tangu kijana wa nguo nyeupe alipotokeza na kijungu.

Hasira zangu zote zikaenda kwake. Nilipomaliza mtaro nilivuka barabara na matope yangu miguuni, nimejiandaa kumwambia maneno. Nilimkuta ameketi jikoni kwake, temosi ya uji iko mezani.

"Njo weye uliita wale watu?"

"Njo mimi," akasema. Hakuinua macho. "Mama Neema, wakati ule wa Ebola, dada yangu wa damu alishikwa. Watu wa bwana yake wakamuficha mu chumba. Wakafunga pazia. Mimi nikaenda, wakaniambia iko nalala, haiwezi kuona watu. Nikaleta uji. Kila siku nikaleta uji, wakarudisha temosi safi, wakaniambia amekula. Nikafurahi. Kumbe hakuwa na nguvu ya kumeza hata maji. Uji walikuwa nakunywa wenyewe."

Sikuwa na mahali pa kuweka uso wangu. Kucheka kwa avenyu yote, tope, klore, jina la Mama Dokta, vyote pamoja havikufika hata nusu ya nilivyojisikia mbele ya temosi ile. Nilikuwa nimemfanya huyu mama aishi mara ya pili siku zile, kwa sababu niliona haya ya mahindi. Nilipiga magoti jikoni kwake, na matope yangu, nikamwambia kwamba uji niliunywa mimi. Akasema, "Najua. Kikwembe yako haifungi tena." Lakini hakucheka, na mimi sikuthubutu kucheka.

Miche ya katikati niliitoa nje siku hiyo hiyo, ikapigwa na jua na upepo wa Bunia bila kuzoeshwa chochote, mingine ikafa, mingine ikashangaa, halafu ikawa kijani. Tuliipeleka shambani pamoja na Muzee, vijungu na vyote. Panya walikuja, nyayo zao niliziona, lakini hawakukuta mbegu ya kufukua, walikuta miche iliyokwisha kushika ardhi. Muzee alikaa mpaka mvua ilipoishika vizuri. Siku ya kurudi Boga aliniambia mbele ya Mama Olive (mbele yake, narudia, msikie vizuri) kwamba shamba libaki kwangu. "Mutu mwenye kulalisha mahindi mu neti," alisema, "haiwezi kuacha shamba yangu iwe pori." Mama Olive alitazama pembeni. Niliona raha, lakini safari hii kidogo tu.

Mahindi yalipokomaa avenyu yote ilikuja kudai, wanasema waliomboleza, kwa hiyo lazima wale, na mimi nilichemsha sufuria baada ya sufuria, kila anayepokea hindi lake ananipa pole ya mgonjwa. Niliwapa wote. Lakini boga la kwanza kabisa kukomaa, kubwa, la rangi ya dhahabu, sikulichemsha. Nilivuka barabara nalo mikononi nikalipeleka kwa Mama Zawadi, nikasimama mbele ya karai lake.

Alilipokea, akaliweka mapajani, akaligeuza, akalipangusa vumbi kwa ncha ya kikwembe chake.

"Kumbe ni huyu alinilizisha," akasema.

Na akatabasamu kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Msimu huu nimepanda tena kwenye vijungu, viko uani mbele ya macho ya watu wote, hakuna pazia, hakuna babula, na Mama Zawadi akiuliza kutoka kwenye karai lake nina nini leo, namjibu kwa sauti mpaka kona ya mwisho inasikia, "Mahindi, Mama Zawadi! Iko mahindi tu! Kuja uone!" Na huwa anavuka barabara kuja kuona.